Mtoto Aliyekataliwa na Bima

Nilimweka mtoto juu ya meza ya karani. Sikumweka kando, nilimweka katikati kabisa, juu ya mafaili, karibu na kidau cha wino, na winda lake lilikuwa halijabadilishwa tangu tupande basi alfajiri.

"Haya," nikamwambia karani. "Mkague."

"Mwalimu, tafadhali, hapa ni ofisini."

"Mkague! Umeandika hayupo. Huyu aliyekalia kalamu yako ni nani? Kivuli?"

Watu waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Mzee mmoja aliyekuja kwa habari ya lori lake akanyoosha shingo, akasema, "Huyo yupo, bwana karani. Hata mimi namwona, na macho yangu ni mabovu." Mtoto naye, kwa kuwa hakuna aliyemkataza, akachukua muhuri wa mpira akautia mdomoni.

Ilikuwa mara yangu ya tatu kufika ofisi ile ya bima mjini Singida. Mara ya kwanza niliambiwa mwenye faili yuko safarini. Mara ya pili nikaambiwa faili limekwenda kwa mkubwa na mkubwa yuko mkutanoni. Mara ya tatu karani alinitazama juu ya miwani yake, akainamisha kichwa, akaniuliza kwa sauti ya upole, kama mtu anayemsaidia mwizi kukiri: "Ndugu mwalimu, tuambiane ukweli, sisi ni ndugu. Yule mtoto uliyempeleka hospitali Dar es Salaam alikuwa wa nani?"

Hapo ndipo subira iliponiishia. Mwanangu, niliyemzaa kwa siku mbili za uchungu, nikaulizwa ni wa nani.

Nieleze tangu mwanzo, maana nikiendelea hivi nitagombana na karatasi.

Nilikuwa mwaka wa pili wa ualimu, katika shule ya msingi upande huu wa Misigiri. Sikuwa nimethibitishwa kazini bado. Mume wangu ni msaidizi wa bwana mifugo. Kazi yake ni kuzunguka na sindano za ng'ombe, na nyumbani huonekana kama mvua ya kwetu, siku chache kisha kimya. Kwa hiyo mimi na mtoto wetu, ambaye ndiye pekee, tuliishi kwa mama mkwe, katika nyumba yake ya tembe, na yeye ndiye aliyekuwa akimlea mtoto nikiwa darasani, na ndiye aliyempeleka kliniki kupimwa kila mwezi.

Huyo karani wa bima alitufikia shuleni kwa pikipiki, siku ya mshahara. Alijua siku ya kuja. Akakaa katika ofisi ya walimu, akanywa chai yetu, akafungua mkoba. Alikuwa anauza bima ya safari kwa watumishi wanaokwenda likizo.

"Mkiwa likizo, mmoja wenu akiugua, au mtoto akiugua, safari ikakatika, nauli yenu inarudi," alisema. "Nyinyi ni watumishi wa taifa. Kwa nini mpate hasara?"

Walimu wenzangu walimcheka. Mmoja akamwuliza kama kuna bima ya kwenda kwa shemeji na kukuta hakuna chakula. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nimeipanga likizo ile kwa miaka miwili: kwenda kwa dada yangu Dar es Salaam, kuiona bahari ninayoifundisha kwenye ramani, kuona maonyesho ya Sabasaba. Nikajaza fomu. Mtoto alikuwa amelala mgongoni mwangu, amefunikwa kanga mpaka kichwani. Karani akauliza jina lake, nikamtajia, akaandika.

Jina hilo nililichagua mwenyewe. Lilikuwa jina jipya la Kiswahili, la zama zetu hizi, ambalo hakuna mtu katika ukoo wote wa mume wangu aliyewahi kulibeba. Mama mkwe hakulipenda. Alisema lina sauti ya redio. Kwa desturi ya hapa mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu yake mzaa baba, na babu huyo alikuwa ameshafariki, jina liko wazi linangoja. Mimi nikasema hapana. Nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha nne na niliona nina haki ya kumpa mwanangu jina. Hapa sitaliandika, na sababu mtaiona.

Shule zilipofunga nikaenda. Basi mpaka Singida, basi jingine mpaka Itigi, na Itigi nikanunua chupa tatu za asali za kumpelekea dada, nikapanda treni daraja la tatu na mtoto mapajani. Alikuwa na miezi kumi. Alicheka na kila mtu ndani ya behewa.

Bahari niliiona mara moja, kupitia dirisha la basi, nikiwa nampeleka mtoto hospitali.

Homa ilimshika siku ya nne. Alilia mpaka sauti ikamkauka, akawa anafungua mdomo tu. Tukapewa dawa, tukarudi, hali ikawa ile ile, tukarudi tena hospitali. Nikapeleka simu ya maandishi nyumbani. Mama mkwe hajui kusoma, kwa hiyo simu ile alisomewa na balozi wetu wa nyumba kumi, na jibu liliandikwa na balozi huyo huyo. Dada aliipokea simu ya majibu, akanifuata nayo hospitali. Ilisema: MTOTO APEWE JINA LA BABU YAKE. RUDINI.

Wazee wa kwetu wanaamini hivyo. Mtoto akilia pasipo kunyamaza, kuna marehemu anayedai jina lake. Nilijua hilo tangu utotoni, na nilikuwa nimejiapiza kwamba halitaingia katika nyumba yangu.

Wakati huo tulikuwa tunahamishiwa wodini. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa mtoto wenye mpira wa maji ya dawa, usitikisike. Mwandikishaji akauliza jina la mgonjwa. Kabla sijafungua mdomo, dada yangu akataja jina la babu.

Nikamtazama.

"Usinikodolee macho," akasema. "Mtoto ni wako, lakini mwenye kudai jina si wewe. Unataka kubishana na marehemu saa hizi?"

Sikuwa na nguvu ya kubishana na yeyote. Likaandikwa.

Kesho yake homa ikashuka. Daktari alisema kilikuwa kichomi, na kwamba sindano zilikuwa zimeanza kazi tangu juzi yake. Najua. Nimesoma baiolojia. Lakini mtoto alipofumbua macho akanitazama, nilimwita kwa jina la babu yake, na lile la kwanza sikulitaja tena. Mwenye kutaka kunicheka anicheke akiwa ameketi kando ya kitanda cha namna hiyo.

Daktari akaandika kwenye kadi: kichomi, kilo zake, kovu la kuungua kwenye kisigino cha kushoto, arudishwe nyumbani, asitembezwe kwenye mikusanyiko, aendelee na kliniki yake. Basi tukaondoka siku ya tisa, katika wiki tatu nilizopanga. Treni zinazoingia Dar es Salaam zilikuwa zimejaa watu wanaokwenda Sabasaba, wanaimba madirishani. Yetu ilikuwa inatoka.

Nyumbani nikajaza fomu ya madai. Pale penye jina la mtoto nikanakili lile lililo kwenye hati ya bima, nikaambatisha kadi ya hospitali, nikaituma. Kadi ilikuwa na jina jingine na mimi niliyeishika kwa mkono wangu sikuliona kosa. Kwangu alikuwa mtoto mmoja. Kijiji kizima kilijua alikuwa anaitwa vile na sasa anaitwa hivi, na hakuna aliyeuliza. Haikunipitia akilini kwamba kuna mtu mahali fulani mwenye kalamu atahesabu watoto wawili.

Miezi ikapita. Kisha siku moja mwalimu mkuu akaniita ofisini kwake. Barua ilikuwa mkononi mwake, imefunguliwa, maana ilikuwa imeandikwa kwake. Mimi nilikuwa nakala.

Ilisema uchunguzi umeonyesha kwamba mtoto aliyetajwa katika hati ya bima hayupo katika kaya ya mdai. Kwamba kadi iliyoambatishwa ni ya mtoto mwingine. Kwamba madai yanakataliwa kwa udanganyifu. Kwamba mdai akitaka kupinga, ana siku thelathini, na alete kadi ya kliniki ya mtoto aliyekatiwa bima. Nakala nyingine: Ofisi ya Elimu, Wilaya.

"Mimi sijasema kitu," alisema mwalimu mkuu. "Lakini neno hili likiingia kwenye faili lako kabla hujathibitishwa, mwalimu, mimi sitaweza kulitoa." Akakohoa. "Kwani una mtoto mmoja au wawili?"

"Mwalimu mkuu! Si unamwona kila siku?"

"Namwona mmoja kwa wakati," akajibu, na hakuwa anatania.

Tangu saa ile nauli ikatoka kichwani mwangu. Walionyimwa nauli ni wengi na wanaishi. Lakini mwalimu aliyeandikwa mdanganyifu, anayekodi watoto wa watu ili ale fedha ya bima, huyo hathibitishwi. Huyo hurudi kwao na cheti chake, na watu humwonyesha kwa kidevu.

Nikaenda moja kwa moja kwenye sanduku langu kuchukua kadi ya kliniki. Haikuwemo. Nikatoa nguo zote, nikakung'uta mpaka shuka. Haikuwemo.

Hapo nikaanza kushuku, na nikishaanza mimi huwa sisimami. Nani anaingia chumbani kwangu? Nani aliyemwambia karani kwamba mtoto hayupo? Nilimshuku mwalimu mkuu, kwa namna alivyokohoa. Nilimshuku karani mwenyewe, kwamba labda hulipwa kwa kila dai analolikataa. Nilimshuku dada yangu, sijui kwa lipi. Kuna asubuhi moja niliyasoma tena maneno "mtoto mwingine" nikamshuku hata mume wangu, kwamba katika kuzunguka na sindano zake ana kaya nyingine yenye mtoto, na bima imeiona kabla yangu.

Zaidi ya wote nilimshuku balozi. Nilikuwa na sababu. Niliposafiri ilikuwa wakati wa kuvuna mtama kwenye shamba la ujamaa, na ingawa walimu tulikuwa na ruhusa, balozi alisema mkutanoni, mbele ya watu, kwamba wengine wanavuna na wengine wanakwenda kutazama bahari. Tena ni mtu anayeingia kila nyumba bila kubisha hodi mara mbili.

Nilimkuta anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwalimu. Bahari haijambo?"

"Nimekuja kwa swali moja tu. Kuna mtu wa bima alikuja hapa?"

"Alikuja. Na pikipiki yake. Kuku wangu mmoja mpaka leo hatagi."

"Ulimwambia nini?"

"Aliniuliza kama wewe ni mkazi wa nyumba zangu kumi. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama kweli ulisafiri. Nikasema ulisafiri, tena wakati wa kuvuna. Nimesema uongo?"

"Na mtoto? Ulimwambia nini juu ya mtoto?"

Akaacha kuchonga. "Habari ya mtoto hakuniuliza. Alisema ameshapita nyumbani kwako, anachotaka kujua amekijua." Akarudi kwenye mpini wake. "Kamwulize aliyekuwepo nyumbani."

Nikaondoka nikijiambia: huyu ndiye. Anaukwepa mkono wangu. Kumbe alikuwa amenionyesha mlango na mimi nikautazama mkono wake tu.

Ndipo nikazifanya zile safari tatu za mjini. Sasa nirudi pale mezani.

Karani, kwa aibu ya watu wa benchi, hatimaye alilivuta faili langu kutoka chini ya mapaja ya mwanangu. "Ndugu mwalimu, unanionea," akasema. "Mimi ndiye niliyekwenda. Nilikwenda mwenyewe, kwa vumbi lile. Sikuandika kitu nilichokitunga. Soma."

Akaligeuza faili upande wangu. Iliandikwa kwa mkono wake, mistari imenyooka kama ya mtoto wa darasa la nne: Nilifika nyumbani kwa mdai asubuhi. Mdai alikuwa kazini. Nilimkuta mama mtu mzima anapepeta uwele, akajitambulisha kuwa bibi wa mtoto. Nilipomtaja mtoto kwa jina lililo kwenye hati, alisema hapa hakuna mtoto wa jina hilo. Nilipolitaja mara ya pili kwa sauti, nikidhani hasikii vizuri, alisema nisilitaje tena uani kwake, akanifukuza kwa ungo.

Nikasoma mara mbili.

"Bibi yake mwenyewe amemkataa," alisema karani, taratibu. "Ningeandika nini?"

"Uliniona na mtoto mgongoni siku ile ya kujaza fomu."

"Niliona kanga."

Mtoto akajibu kwa niaba yangu. Akakojoa, na mkojo ukaenda kwenye faili la yule mzee wa lori. Mzee akapiga makofi. "Andika na hilo, karani! Andika kwamba hayupo lakini analowesha!"

Karani akasimama akitafuta kitambaa, na kwa mara ya kwanza akazungumza kama binadamu. "Zimebaki siku nne. Mimi siwezi kuligeuza neno langu mwenyewe. Andika malalamiko rasmi kwa meneja, lete kadi ya kliniki, lete ushahidi wa bibi. Usilete kelele. Kelele haziingii kwenye faili."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa napanga maneno. Nilitaka kumfikia mama mkwe na kumwambia yote, tangu siku aliposema jina la mwanangu lina sauti ya redio. Nilimkuta jikoni, anasonga ugali wa uwele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipe mtoto hapa, kalowa huyu. Ulimpitisha mtoni?"

"Mama, kuna mtu alikuja na pikipiki akamwulizia mtoto?"

"Alikuja."

"Ukamwambia hayupo."

"Nilimwambia hayupo mwenye jina lile. Kwani yupo?" Hakuacha kusonga. "Mtu mgeni anaingia uani na kishindo, hata salamu hajamaliza, anapaza jina lile na mtoto amelala ndani. Mara ya kwanza nikamvumilia. Akalirudia, kwa sauti kubwa zaidi. Nimwache aite mpaka homa iitike? Wewe ndiye uliyekuwa naye kule hospitali. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau.

"Mama, wameandika kwamba mimi ni mdanganyifu. Barua imekwenda kwa wakubwa wa elimu. Naweza kufukuzwa kazi."

Mwiko ukasimama. "Kwa ajili ya jina?"

"Kwa ajili ya jina."

Akafikiri. "Basi na wao wanaogopa majina," akasema. "Mbona mnatucheka sisi?"

Akaepua chungu, akafuta mikono, akaenda kwenye kihenge cha uwele. Akaingiza mkono mpaka begani. Akatoa kifurushi cha kipande cha kanga kuukuu, akakifungua mapajani. Kadi ya kliniki. Haikukunjika hata pembe.

Nikakaa chini kwenye majivu.

"Nilimsikia muuguzi akilisoma jina lile kwenye karatasi hii kila tukienda," alisema. "Nikasema haitakaa chumba kimoja na mtoto. Nilitaka kuichoma. Nikashindwa. Kilo zake zote zimo humu. Ningechomaje kilo za mjukuu wangu?"

"Nimeitafuta mwezi mzima, mama! Nimemshuku balozi. Nimegeuza sanduku. Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Nilikuona unatafuta kitu. Umemwuliza balozi, umemwuliza mwalimu wako, umepanda basi mara tatu kumwuliza mtu wa mjini. Mimi niko hapa jikoni. Hukuniuliza mimi."

Kweli sikumwuliza. Nilimshuku kila mtu mwenye kujua kusoma. Yeye nilimwona kama mtu ambaye jambo la karatasi haliwezi kumhusu, na kumbe karatasi alikuwa nayo yeye.

Kesho yake balozi akaja kuandika maelezo ya bibi, na bibi akaweka dole gumba. Aliweka kwa sharti moja: lile jina la kwanza nitaliandika kwenye malalamiko kule shuleni, halitatajwa uani wala kusomwa kwa sauti. Balozi akakubali bila kucheka. Kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nyingi: nakala ya ile simu aliyoipeleka Dar es Salaam, na muhuri wa posta wenye tarehe.

"Hii uliiweka ya nini?" nikamwuliza.

"Mimi naweka kila kitu, mwalimu. Ndiyo kazi ya balozi. Ungekuja kwa salamu ndefu kidogo, ungeipata siku ile."

Nikamwambia asante. Kuomba radhi kulinishinda. Nilisema asante mara mbili badala yake, na nadhani alihesabu.

Malalamiko niliyaandika darasani baada ya wanafunzi kutoka, kwa karatasi ya kaboni, nakala tatu. Nilipofika penye jina la kwanza nililiandika haraka, nikaendelea. Sisemi kwamba naamini. Nasema tu kwamba sikulisoma kwa sauti, na hapa pia nimeliacha. Siku ya mwisho ya zile thelathini nilipanda basi, mtoto nikamwacha kwa bibi yake, nikasimama mbele ya karani yule yule mpaka alipogonga muhuri kwenye nakala yangu. Muhuri ulikuwa na alama za meno. Hii ndiyo nakala:

*Kwa Ndugu Meneja.*

*Yah: Malalamiko dhidi ya kukataliwa kwa madai na kuitwa mdanganyifu.*

*Mimi ni mwalimu, mwenye hati ya bima ya safari ya ofisi yenu. Ninalalamika rasmi kama ifuatavyo.*

*Barua yenu inasema mtoto wangu hayupo. Yupo. Alikuwa ofisini kwenu wiki hii, na mashahidi wa benchi walimwona. Faili lililoharibika siku hiyo ni uthibitisho wa ziada.*

*Mtoto huyu alibadilishwa jina alipokuwa mgonjwa, kwa desturi ya ukoo wa baba yake. Kwa hiyo hati ina jina moja na kadi ya hospitali ina jina jingine. Kosa langu ni kwamba sikuwaeleza jambo hilo kwenye fomu. Ni kosa la kusahau, na nimelikiri. Kusahau si kudanganya.*

*Naambatisha kadi ya kliniki yenye jina la kwanza. Tafadhali ilinganisheni na kadi ya hospitali. Kadi ya kliniki inaonyesha aliungua uji kwenye kisigino cha kushoto. Kadi ya hospitali inaonyesha kovu mahali hapo hapo. Kilo za mwezi kabla ya safari na kilo za hospitali zinafuatana kama za mtoto aliyeanza kuugua. Naambatisha pia nakala ya simu ya kubadili jina, yenye muhuri wa posta wa siku alipolazwa, na maelezo ya bibi yake yenye dole gumba, yaliyoshuhudiwa na balozi.*

*Karani wenu alimhoji bibi wa mtoto bila kumweleza anachotafuta, hakumwomba amwone mtoto, ambaye alikuwa amelala hatua kumi kutoka aliposimama, na hakunisubiri mimi nitoke kazini. Naomba hilo liandikwe kwenye faili lile lile lililoandikwa udanganyifu.*

*Mkitaka kuja tena kukagua, mnakaribishwa. Mje mchana. Msalimieni bibi yake mpaka amalize kuitikia. Mwulizieni mtoto kwa jina la babu yake, na lile la kwanza msilitaje uani. Mkivua kiatu cha mtoto mtaliona kovu.*

*Habari ya nauli inaweza kungoja. Kisichoweza kungoja ni barua yenu ya kwanza, ambayo iko kwa mwalimu mkuu na iko Ofisi ya Elimu. Nataka muandike barua ya pili, iende kila mahali ilipokwenda ile ya kwanza, na iseme kwamba mtoto yupo na mama yake hakusema uongo.*

*Nasubiri majibu kwa maandishi.*

*Ni mimi, mama yake.*